Saa Niliyozika Bila Betri

Mimi ni mtu wa kupima. Kazi yangu ni kutengeneza saa na simu, na kitu ambacho mita yangu ya umeme haikipimi huwa sikisumbukii. Watu wakija dukani kunieleza habari za wachawi, nawauliza kama wameleta saa au wameleta maneno tu. Kwa hiyo ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, maana hata mimi ningecheka. Lakini kitambaa ninachofutia mikono kiko hapa mezani, doa lake halijatoka mpaka leo, na nimekifua kwa kila sabuni inayouzwa Beni.

Duka langu liko Bungulu, hapa hapa Beni. Nasema duka, ni kibanda chenye meza na kioo. Mama yangu anakaa Butembo, kule Vulamba, katika nyumba aliyotuachia baba. Na nina ugonjwa mmoja ambao watu wa kwetu hawauelewi: nakusanya saa kuukuu za mkononi. Si zote. Natafuta zile saa za kwanza kabisa za namba, zile ambazo uso wake ni mweusi tii na huoni kitu mpaka ubonyeze kitufe. Ukibonyeza, namba nyekundu zinawaka kama makaa, halafu zinazima, na ukitaka kujua saa tena inakubidi ubonyeze tena. Wazee wa Butembo waliofanya biashara ya kahawa enzi za Zaire walikuwa wanazivaa kwa maringo. Zilipokufa wakazitupa kwenye droo, na mimi ndiye ninayepita kwenye droo hizo.

Kinachonitoa udenda si uso wa saa, ni mgongo wake. Geuza saa utaona alama za kiwandani: namba, herufi, pengine kimhuri kidogo. Nyingi zinafanana. Lakini mara chache sana unakutana na moja ambayo alama zake si za kawaida, zimegongwa kwa mkono, moja imekaa upande, nyingine kichwa chini. Wanaojua wanasema hizo ni za majaribio, mafundi walizitengeneza kabla kiwanda hakijaanza kuuza, na hazikutakiwa kutoka nje. Tuna kundi letu la WhatsApp, wakusanyaji wa nchi nyingi, na mtu akituma picha ya mgongo wa namna hiyo basi siku hiyo hakuna anayefanya kazi.

Saa ya namna hiyo ilikuwa nyumbani kwetu.

Baba alikuwa dereva wa shamba la kahawa, na mwenye shamba alipoondoka nchini alimwachia saa yake. Mgongoni ilikuwa na nyota iliyokatika mkono mmoja, na namba saba iliyogongwa kichwa chini, basi, hakuna kingine. Baba alipofariki, mama aliitunza kwa miaka kadhaa, kisha ikaenda kwa kaka yangu Paluku. Kwetu Wanande Paluku ni jina la mtoto wa kwanza wa kiume. Kila nyumba ina Paluku wake, na kila Paluku anapata vitu vizuri. Mimi wa pili nilipewa redio isiyoshika stesheni.

Paluku hakujua ana nini mkononi. Siku moja nilimwona akiitumia ile saa kufungulia chupa ya bia, nikaondoka mezani kwa hasira. Alikuwa mtu wa kucheka sana, mnunuzi wa kakao, miguu haitulii. Asubuhi moja alipita dukani kwangu, akaiacha niisafishe. Akaniambia, kama alivyozoea kuniita, "Mudogo, nitaipitia kesho." Akaenda vijijini kutafuta kakao. Hakurudi.

Nyie mnaoishi huku mnajua namna hiyo ya kutorudi. Wengine sitawaeleza. Tulizunguka hospitali, tukazunguka kambi za waliokimbia vita, tukaonyesha picha yake mpaka pembe zikachanika. Miaka miwili. Mwili hatukuuona.

Sasa, mtu aliyepotea bila mwili haachwi hivyo hivyo. Wazee wetu hukata mgomba kwa urefu wa mtu, wanaufunga shuka jeupe na kuuzika kwa jina lake. Na lazima ufungiwe kitu chake kimoja alichokuwa anakivaa, ili huko aendako ajulikane kuwa ni yeye. Padri anajua na hajui. Alitusomea Misa vizuri kabisa, halafu akakumbuka ana mkutano, akaondoka kabla mgomba haujatolewa nyuma ya nyumba. Maziko yalikuwa Masereka, kwenye shamba la babu, kule juu kwenye baridi. Hata mgomba wenyewe tuliupandisha kwa gari kutoka chini, maana kule migomba haishiki, panaota viazi na kabichi tu.

Siku chache kabla ya maziko, baba mdogo aliyesimamia mambo aliuliza Paluku ameacha kitu gani cha mwilini. Wote wakaniangalia mimi. Walijua nina saa yake.

Hapo ndipo nilipoharibu. Niliwaambia nitaileta, na usiku wa kuamkia maziko nililala nikiwa nimeishika. Jaribu kunielewa. Saa ambayo pengine dunia nzima ziko tatu, nikaizike na mgomba? Ioze na mgomba? Asubuhi nilichukua saa nyingine ya plastiki, rangi ya chuma, uso mweusi, ambayo mteja aliitelekeza dukani. Kwa mbali zinafanana. Nikaitoa hata betri. Ndiyo, nicheke. Betri ilikuwa nzima na mimi ni mtoto wa Butembo, kwetu ni biashara tu, utaniambiaje nizike betri nzima? Ndani ya kifuniko kulikuwa na alama yangu, maana sisi mafundi kila saa tunayoifungua tunaichora kwa sindano. Yangu ni V yenye nukta mbili chini. Kila fundi ana yake, kama sahihi.

Mama ndiye aliyeifunga kwenye mgomba. Ndivyo inavyofanywa, aliyezaa ndiye anayefunga. Aliishika kidogo mkononi, akaifunga. Tukafukia.

Tangu siku hiyo mama hakulala tena. Nisadiki, sisemi kwa kupamba. Kila nikienda Vulamba kumsalimia namsikia usiku anaamka, anafungua mlango wa mbele, anavuta kiti, anakaa pale akiangalia njia mpaka kuche. Alikonda mpaka pete ya ndoa ikawa inamtoka mkononi. Tulimpeleka hospitali, wakampa vidonge vya usingizi, akavimeza na kuendelea kukaa mlangoni. Watu wakasema anamngoja Paluku. Baba mdogo akasema ule mgomba haukupokelewa, kuna kitu hakikwenda sawa. Niliposikia hivyo nilitoka nje kwenda kukojoa, na sikuwa na mkojo.

Miaka mitatu. Nilijua mama anakwisha na nilijua dawa iko wapi. Ilikuwa kwenye mkebe wa maziwa chini ya meza yangu, imefungwa kwenye pamba. Kuna mkusanyaji mmoja wa mbali aliyekuwa akiniandikia kila wiki akitaka aione, na kila wiki nilimtumia picha mpya ya ule mgongo. Je, mtu wa namna hiyo utamwitaje? Mimi mwenyewe sikujiita, nilikuwa na kazi nyingi.

Sasa sikiliza.

Ilikuwa Jumanne, kama saa tisa mchana. Umeme ulikuwa umekatika, mbingu imefunga lakini mvua haijaanza, na nilikuwa nimeigeuza meza ielekee mlangoni ili nipate mwanga. Mtu akasimama mbele yangu. Mrefu, kijana kuliko mimi, sura siijui, shati jeupe limemganda mwilini kwa maji. Nikajiuliza amelowa wapi wakati mvua haijanyesha. Nikasema labda ametoka kuosha pikipiki.

"Mudogo," akasema, "ii saa inanisumbua."

Nilikasirika kidogo, kijana mdogo ananiita mimi mudogo. Lakini mteja ni mteja. Nikachukua karatasi ya kuandikia jina, akasema niandike Paluku. Sikushtuka. Ukirusha jiwe Bungulu utampiga Paluku, na atakayekimbilia kumwokota ni Paluku mwingine. Nikamuuliza kama saa haitembei.

"Inatembea. Lakini bananikatalia nayo. Kila nikifika ku barrière, banauliza: uko Paluku? Naitika. Banaangalia mukono, banasema: hapana, ii haiko ya Paluku. Rudia kule ulitoka."

Huku kwetu nani asiyejua barrière? Kamba imevutwa njiani, askari wamekaa, kila mtu na kitambulisho chake. Nilidhani anazungumzia njia ya Butembo. Nikamtania, nikamuuliza ni barrière gani siku hizi inayoomba saa badala ya kadi.

"Ile ya mwisho," akasema.

Hakucheka. Akanyoosha mkono niifungue mwenyewe. Nikaushika ule mkono, na hapo mwili wangu ulianza kukataa kabla ya akili. Ulikuwa baridi, laini, umejaa maji. Nilipouvua mkanda wa saa, alama ya mkanda ilibaki imedidimia kwenye ngozi, haikurudi. Nilifuta vidole vyangu kwenye kitambaa, nikageuza saa, nikaona udongo umejaa kwenye mikunjo ya mkanda. Udongo mweusi. Wa Beni ni mwekundu. Mweusi namna ile ni wa kule juu, Masereka.

Namba zilikuwa zinatembea. Sekunde zinahesabu vizuri kabisa. Nikafungua kifuniko kwa kisu changu.

Hakukuwa na betri ndani. Mahali pake palikuwa patupu, pakavu, na nilipogeuza kifuniko niliona V yenye nukta mbili.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Meza ilikuwa imenizuia mbele na ukuta nyuma. Yeye alikuwa ameinama kidogo ananiangalia, bila hasira, kama mtu anayesubiri chenji.

"Ile ingine iko?" akauliza.

Na mimi, Mungu anisamehe, mkebe uko chini ya goti langu, nikamjibu kwamba niliuza. Mbele ya kitu kile bado nilikuwa naweza kudanganya. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo kuliko mkono wake.

Halafu akaisukuma ile saa ya plastiki upande wangu.

"Ii baki nayo. Iko na alama yako. Lakini mama anachoka, mudogo."

Akageuka akaenda. Mvua ikaanza hapo hapo, kubwa, na nilipotoa kichwa nje niliona watu wanaokimbilia barazani tu. Jirani yangu auzaye vocha alikuwa amekaa hatua tatu kutoka mlangoni kwangu. Nikamuuliza kijana wa shati jeupe ameelekea wapi. Akaniambia tangu umeme ukatike ameniona niko peke yangu, ninaongea na simu.

Nilirudi kukaa. Sijui nilikaa kiasi gani. Nilichojua ni kwamba kile kitambaa nilichofutia vidole kilikuwa na unyevu usio na rangi, na nilipokiangalia tena unyevu ulikuwa umegeuka kahawia, halafu mweusi. Aliyewahi kukata ndizi analijua doa hilo. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo, nguo ni ya shambani tangu siku hiyo. Nikaitoa saa ya nyota kwenye mkebe, nikaitia mfukoni, nikafunga duka, nikatafuta motard mwenye pikipiki wa kunipeleka Butembo mvua ikiwa bado inanyesha.

Kwenye barrière moja askari aliniamuru nitoe vitu vya mfukoni. Aliigeuza ile saa, akabonyeza, namba nyekundu zikamwakia usoni, akatabasamu kama mtoto. Nikajua hatanirudishia. Akaniuliza ni ya nani.

Nikamwambia, "Ya yaya yangu," ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Akauliza yaya yangu yuko wapi. Nikasema, "Alikufa."

Miaka mitano sikuwahi kutoa neno hilo kinywani. Huwa nasema alipotea. Askari aliniangalia, akairudisha saa kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake na kunipa njia.

Nilimkuta mama jikoni anachambua maharagwe. Nimelowa chapachapa, na nilikuwa nimepanga hotuba njia nzima. Yote ilinitoka. Nilipiga magoti nikaweka saa juu ya ungo, katikati ya maharagwe, nikaanza kulia. Nikamweleza kila kitu, usiku ule wa kabla ya Masereka, saa ya plastiki, mpaka betri niliyoitoa, na huyo aliyekuja leo.

Mama hakushtuka. Aliichukua saa, hakuiangalia usoni, akapitisha kidole gumba mgongoni pake taratibu mpaka akaifikia nyota. Akakaa na kidole hapo.

"Nilijuaka," akasema. "Siku ile nikiifunga ku mugomba, nilipitisha kidole. Nyota haikukuwako."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ningesema, baba-mudogo yako angekuita mwizi mbele ya batu yote, mpaka siku ya kufa. Nikasema, ningojee kwanza. Niko na batoto wawili. Mumoja alipotea ku njia. Mwingine alipotea mbele ya macho yangu."

"Lakini mama, kila usiku uko ku mulango, unangojea Paluku."

"Paluku iko ya Mungu," akasema mama. "Miye nilikuwa nangojea weye."

Alinipa nguo kavu ya baba nikavaa, tukamaliza maharagwe pamoja.

Jumamosi tulipanda Masereka, mimi, mama na baba mdogo. Baba mdogo nilimweleza mwenyewe, na aliniita majina ambayo nilistahili. Kaburi lilikuwa na majani marefu, halijaguswa, udongo umeshikamana kama siku zote. Nimelikagua kwa mikono, hakuna aliyefukua hapo. Lakini upande wa kichwani lilikuwa limetoka chipukizi la mgomba. Jembamba, limepinda, jani moja tu. Baba mdogo alivua kofia. Mgomba uliokatwa, bila kisiki chake, hauwezi kuota hata bondeni, sembuse pale kwenye baridi ambako hakuna mgomba hata mmoja mpaka uteremke milima. Nani atanieleza hilo? Nimemuuliza agronomu mmoja, mtaalamu wa kilimo, akaniambia labda nimefananisha na mmea mwingine. Kama kuna mtu wa Masereka anayeweza kunieleza kuhusu ule mgomba, sawa, anieleze.

Mama alichimba mwenyewe kwa mkono, mpaka kiwikoni, akaiweka saa, akafukia. Kabla ya kuifunika aliibonyeza mara moja. Namba nyekundu ziliwaka ndani ya shimo, zikazima.

Tulilala kwa baba mdogo. Nikamsikia mama anakoroma. Alikoroma mpaka jua likatoka, mpaka shangazi akaenda kumtikisa kwa hofu, akakuta amelala tu, mashavu yametulia. Ile pete ya ndoa siku hizi haimtoki tena. Na lile chipukizi, baba mdogo alinipigia simu mwezi uliofuata kunieleza kwamba limekauka lenyewe.

Wakusanyaji bado wananiandikia. Yule wa mbali aliuliza nimempa nani ile ya nyota, nikamjibu nimemrudishia mwenyewe, akadhani ni mkusanyaji mwenzake na bado ananiomba namba yake ya simu. Mimi bado napita kwenye droo za wazee. Lakini sasa kabla sijaishika saa nauliza ni ya nani, na kama mwenyewe amefariki nauliza kama matanga yamekwisha na kama kila mtu nyumbani ameridhika. Wananiona nimekuwa mlokole wa saa.

Ukiniuliza katika zote nilizonazo ipi ni adimu kuliko zote, nitakutolea ya plastiki. Sokoni haina maana. Iko kwenye ule mkebe wa maziwa, na inatembea. Nimeifungua mara nyingi, mahali pa betri ni patupu, na sekunde zinahesabu. Mimi ndiye nisiyelala vizuri siku hizi. Naamka, naifuata, naiangalia, narudi. Mke wangu ananiuliza nangoja nini, nami naufunga mkebe.

Basi wewe unayesoma, sikuombi uniamini kuhusu yule mtu wa shati jeupe. Hilo liache. Nakuomba tu uende ukaangalie kwenye mkebe wako, maana najua unao. Kama kuna kitu humo ambacho si chako, usisubiri wa chini ya udongo atume mtu. Sema leo, kwa aliye hai. Kuna mtu nyumbani kwenu anakaa mlangoni kila usiku, na wewe unadhani anamngoja mwingine.